Pumzi Nyuma Yangu

Gakii alinipigia simu nikiwa kazini hapa Embu, saa ambazo foleni ya dirishani pangu huwa ndefu na watu wamechoka kusimama. "Rwamba, Mwalimu ametuacha," alisema, na sikumuuliza ni mwalimu gani. Tumefundishwa na watu wengi, mimi na Gakii, lakini baina yetu neno hilo likitajwa bila jina lina mtu mmoja tu: Mzee Ikiara, askari wa magereza aliyestaafu, aliyetufundisha judo kule Nchiru tulipokuwa wanafunzi wa chuo. Alizikwa nyumbani kwake, na hema za waombolezaji zilisimamishwa juu ya nyasi zilezile tulizokuwa tukiangushana juu yake. Wanawake wa darasa lile tulifika wachache, mmoja na miwani minene, mwingine na goti bovu linalomlazimu kukaa akiwa amenyoosha mguu, na tulipokutana hatukupeana mikono. Tulishikana makoti, mkono mmoja kwenye kola na mwingine karibu na kiwiko, kama alivyotuzoesha, tukasimama hivyo tukilia huku watu wa kijiji wakitushangaa.

Kirimi alikuwepo pia. Nilimwona akipanga viti, amenenepa kidogo, mvi zimemshika kando ya masikio, na beji ya wazee wa kanisa kifuani. Alikuja moja kwa moja kunisalimia. "Rwamba wa Embu! Si tulikuwa pamoja kwa Mwalimu," alisema, na kiganja chake kilikuwa na joto la mtu mkarimu. Nilimjibu salamu. Kisha, kabla sijajikataza, niliinamisha kichwa na kutega sikio, nikitaka kusikia anavyopumua. Kwaya ilikuwa imeanza, kipaza sauti kikakoroma, sikusikia kitu. Watu walipoitwa kula niliaga. Mimi ni mtu mzima, nina watoto waliomaliza shule, lakini nilitembea hadi barabarani nikigeuka nyuma karibu njia yote, na Gakii, aliyenisindikiza, hakuniuliza natafuta nini.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Tuliishi nje, katika hosteli ya mbao nyuma ya kioski cha mandazi, mimi na Gakii chumba kimoja, vitanda viwili vya chuma, jiko la mafuta ya taa pembeni na kamba ya nguo iliyopita juu ya vichwa vyetu. Harufu ya mafuta ya taa iliingia kwenye blanketi, kwenye vitabu, hata kwenye mkate. Jioni nyingi tulikula githeri, mahindi na maharagwe tuliyoipika Jumapili na kuikaanga upya kila siku kwa kitunguu kidogo mpaka ikaisha. Ukuta wa mbao ulipitisha kila kitu. Tulijua nani chumba cha pili amelia, nani ameandikiwa barua, nani anaomba kwa Kimeru na nani anaomba kwa Kiingereza. Nikifumba macho leo, hapa nyumbani kwangu mtaa wa Majimbo, naweza kusikia kijiko kikikwangua sufuria upande wa pili wa mbao zile, na sauti ya msichana akisema taratibu, akidhani hatusikii, "Ati Rwamba anafuatwa na jini."

"Jini la Embu," mwenzake alijibu. "Limemfuata kutoka kwao." Wakacheka. Gakii aliugonga ukuta kwa mwiko, kicheko kikakatika, lakini neno lilikuwa limeshaingia chumbani na halikutoka tena.

Nilikuwa nafuatwa kweli. Kati ya maktaba na hosteli kulikuwa na njia ya miguu iliyopita kando ya shamba la mahindi na safu ya mikaratusi, na giza la Nchiru huanguka haraka, upepo ukiwa mwingi. Jioni moja nilisikia mtu nyuma yangu. Hilo halikunishtua, njia ilikuwa ya wote. Nilisogea pembeni apite. Hakupita. Alikaribia mpaka nikasikia pumzi yake, pumzi ya mtu asiyekimbia wala kuchoka, yenye mluzi mwembamba mwishoni, kama birika ambalo limekaribia kuchemka na halichemki. Hakunigusa. Hakusema neno. Nilipofika kwenye taa ya kioski nikageuka, njia ilikuwa tupu. Ilitokea tena baada ya siku chache, na tena muhula ulipokuwa unaelekea mwisho, kila mara bila neno. Watu huniuliza, wale wachache niliowasimulia, kama alinidhuru. Huwa sijui niwajibu nini. Mume wangu hukohoa kabla ya kuingia jikoni nikiwa nimempa mgongo. Hajawahi kuniuliza kwa nini anapaswa kukohoa. Alijifunza tu, mwaka wa kwanza wa ndoa, baada ya kikombe kuvunjika.

Ni Gakii aliyesema tutafute mahali pa kufundishwa kupigana. "Hata kama ni jini," alisema akigeuza chapati, "lijue limekutana na watu." Yeye alikuwa wa hapohapo Meru, mkubwa wa mwili, mcheshi, asiyeogopa kuuliza, na kwa muda wa wiki kadhaa alinivuta kila mahali ambapo alisikia kuna mwalimu. Mimi sikujua tofauti ya karate na judo. Nilidhani yote ni mateke na makelele.

Kwanza tulikwenda Meru mjini, orofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katika chumba chenye vioo ukuta mzima na harufu ya rangi ya mafuta iliyopanda kutoka chini. Walifundisha taekwondo. Mwalimu alikuwa kijana mwenye kifua kipana, wanafunzi wakimwita Masta, na alitupokea vizuri, akatuonyesha picha zake akivunja mbao. "Mkikaa na mimi mpaka mwisho wa mwaka," alituambia, "hakuna mwanaume ataweza kuwagusa." Kisha, ili tuone, alinisimamisha katikati ya chumba na kurusha teke lililopita karibu na sikio langu hata nikahisi upepo wake. Nilipiga kelele. Chumba kizima kilicheka, nami nikajiona kwenye vioo vyote nikiwa nimejikunyata. Baadaye mvulana mmoja aliyekuwa amepindwa mkono alisema, "Basi, basi," na Masta akasema kwa furaha, "Hapa hakuna basi!" Aliyemshika akaongeza kumpinda kidogo, wakacheka tena, na mvulana naye akacheka huku machozi yakimlengalenga. Gakii alipapenda. Njia yote ya kurudi alikuwa akirusha mateke yake ya kujaribu. Mimi nilikuwa namwaza yule mvulana, jinsi alivyocheka.

Mahali pa pili palikuwa ukumbi wa kanisa karibu na chuo, karate, mwalimu akiwa mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa mwisho, mtu mpole, mwenye kuanza kwa sala na kumaliza kwa sala. Tulisimama mistari na kupiga ngumi hewani tukihesabu kwa Kijapani. Sikuona ubaya wowote. Lakini nilipomuuliza mtu afanye nini akishikwa kutoka nyuma, alifikiri kwa dhati, kisha akanijibu, "Hiyo, dada, ni ya mkanda wa kijani." Gakii alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa. Nilicheka pia, na jioni ile nilirudi na njia ileile, mkanda wa kijani ukiwa mbali nami kama mbingu.

Mama wa mandazi ndiye aliyetuambia habari za Mzee Ikiara. Alifundisha katika ghala la zamani la chama cha wakulima wa kahawa, jengo refu la mabati lenye harufu ya magunia na panya, ambalo sakafu yake alikuwa ameitandika unga wa mbao na kushona turubai juu. Alikuwa mfupi, mabega yamelala, masikio yamevimba kwa ndani kama uyoga. Tulimkuta akikunja koti la judo. Makoti yote alikuwa ameyashona mkewe, Mama Karimi, kwa kitambaa kigumu cha turubai.

"Mmekuja kwa nini?" alituuliza.

"Tunataka kujua kupigana," nilisema.

"Mimi sifundishi kupigana. Nafundisha kushika na kuanguka. Kaeni hapo mwangalie mpaka tumalize. Msivue viatu leo."

"Tunaweza kujaribu kidogo tu, Mwalimu," Gakii alisema.

"Hapana. Mtu akinunua ng'ombe anamwangalia kwanza akitembea. Mtuangalie sisi tukitembea."

Tuliketi juu ya magunia. Walikuwa vijana kadhaa wa kijiji na wasichana wawili, wakikamatana na kuangushana bila kelele nyingi, sauti kubwa ikiwa ya viganja vikipiga turubai. Wakati mmoja kijana mrefu, mzito, alimlaza msichana chini na kumbana mkono. Msichana aligonga turubai kwa kiganja, kusema basi, mara moja, kwa wepesi tu. Yule kijana alimwachia papo hapo, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Hakuna aliyecheka. Waliinuka, wakainamiana, wakaanza upya. Nimewahi kuulizwa na wenzangu ofisini kwa nini nilichagua judo na si mchezo mwingine, na huwa nasema palikuwa karibu na hosteli. Ukweli ni kiganja kile. Sikuwa nimewahi kuona mtu mkubwa akimwachia mtu mdogo kwa sababu tu ameambiwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kuanguka tu. Kidevu kifuani, pumzi nje, mkono upige chini kabla ya mgongo. Niliamka nikiwa na alama za buluu viunoni na kushindwa kuinua ndoo. Mwalimu hakunisifu hata siku moja. Alisema, "Tena, mwari," neno lao la msichana au binti, nami nikaanguka tena. Baada ya mazoezi tulivuka barabara mpaka kwake, kwani Mama Karimi hakuruhusu mtu aondoke na njaa. Jikoni mwake mlikuwa na moshi, viti vifupi, paka aliyelala juu ya kuni, na sufuria ya uji wa wimbi ambayo sikuwahi kuiona ikiwa tupu. Tulikula viazi vitamu kwa mikono. Kimeru nilikuwa nimeanza kukishika, kwa kuwa Kiembu hakiko mbali nacho, na nilipenda kukaa kimya pale na kuacha maneno yao yanipite, nikiokota nusu. Muhula ule hakuna aliyenifuata. Au tuseme nilikuwa narudi na Gakii kila jioni, tukinuka jasho na moshi, tukiongea kwa sauti.

Kirimi alijiunga baada ya Pasaka. Alikuwa karani pale kwenye kituo cha kahawa, kiongozi wa vijana kanisani, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na kwa vile mjomba wake alikuwa kwenye kamati ya chama, yeye ndiye aliyekuwa akitufungulia ghala. Sote tulimpenda. Alikumbuka majina, alimbebea Mama Karimi kuni, na aliponishika mazoezini alishika kwa adabu, akiangalia pembeni. Nilikuwa nimemzoea. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikumwendea na shaka yoyote moyoni.

Jioni hiyo Mwalimu alikuwa anatufundisha kujinasua mtu akikukaba shingo kutoka nyuma. Nilipiga magoti, Kirimi akapiga magoti nyuma yangu, mkono wake ukapita chini ya kidevu changu. Nilikuwa nafikiria kidole gumba kiwekwe wapi. Kisha akapumua karibu na sikio langu, na mwishoni mwa pumzi kulikuwa na mluzi ule. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Ghala likaondoka, nikawa njiani kando ya mahindi, upepo ukivuma, kioski kikiwa mbali. Niligonga turubai. Mkono haukulegea. Niligonga tena, kwa nguvu, na pumzi ile ikaendelea taratibu juu ya shingo yangu, bila haraka. Kisha akaachia.

"Simameni," Mwalimu alisema. Alikuja akasimama mbele ya Kirimi. "Aligonga?"

"Aligonga, Mwalimu."

"Ulimsikia mara ya kwanza?"

"Nilimsikia. Lakini ni kidogo tu, Mwalimu, nilikuwa namalizia."

"Kunja koti lako."

Kirimi alitabasamu, akatuangalia sote kana kwamba tungemsaidia kuelewa mzaha. "Mwalimu, si hata hajaumia. Rwamba, umeumia?"

"Sijakuuliza kama ameumia," Mwalimu alisema. "Kunja koti, uliache hapo kwenye gunia, uende nyumbani. Usirudi."

Alilikunja. Alilikunja vizuri sana, kola juu, mikono ndani, na wakati wote huo nilikuwa nasikia mabati yakilia kwa upepo. Alipotoka, Mwalimu alituambia tuendelee, lakini hakuna aliyeweza.

Nilimfuata Mwalimu mpaka kwake nikamwambia yote, njia, mahindi, mluzi, uji ukinipoa mkononi. Alinisikiliza akiwa ameangalia moto.

"Kwa hiyo ni yeye," nilisema. "Mwalimu, sema ni yeye."

Alisukuma kuni ndani ya moto. "Huko njiani sikuwepo, mwari. Nilikuwa hapa. La hapa nimelifanya." Kisha akaongeza, "Hili jina halitatoka kinywani mwangu mpaka useme wewe."

Nilimchukia kidogo usiku ule. Nilitaka mtu mmoja tu aseme. Gakii alisema, bila shaka, lakini Gakii angesema chochote kwa ajili yangu, hivyo haikunitosha. Na mimi mwenyewe, nikilala nikiangalia kamba ya nguo, nilianza kujiuliza. Ni watu wangapi wana mafua? Ni wangapi pua zao zina kasoro? Kumwambia mtu aliyejenga jina lake kanisani kwamba pumzi yake ni ya mhalifu, nani angeweza? Sisi watatu, mimi, Gakii na Mwalimu, tulinyamaza. Jina la Kirimi hatukulitaja kwa mtu yeyote.

Kabla mwezi haujaisha, kamati ya chama ilimwambia Mwalimu kwamba ghala linahitajika. Vijana wengine wa kijiji wakaacha kuja. Tulikata turubai vipande, tukavibeba mabegani mpaka bomani kwa Mwalimu, tukawa tunafanya mazoezi kwenye nyasi karibu na zizi, tukinuka samadi. Siku moja nilikuwa nanawa mikono nje ya jikoni nikamsikia Mama Karimi akimwambia mumewe kwa Kimeru, kwa sauti ya chini yenye hasira, kwamba amepoteza kazi ya miaka mingi kwa ajili ya msichana wa watu, tena si hata wa hapa, na kwa kosa la muda wa kupepesa jicho tu.

"Alimsikia akigonga," Mwalimu alijibu.

"Na sisi tutakula kugonga?"

Nilisimama pale maji yakinitiririka viwikoni, nikitamani ardhi inifiche. Nilipoingia, Mama Karimi alinitazama machoni, akajua kwamba nimesikia na kwamba nimeelewa. Alichagua kiazi kikubwa kuliko vyote kwenye sufuria, akakiweka kwenye sahani yangu, kisha akanipa mgongo na kuendelea kuchochea moto. Kilinishinda, lakini hakuniacha niondoke mpaka nikakimaliza.

Muhula wa mwisho wa mwaka ule alikuja msichana wa mwaka wa kwanza aitwaye Makena, mdogo, mwenye sauti nyembamba, akasimama kwenye lango la boma akiwa amekumbatia mkoba. Aliambiwa aketi aangalie kwanza, kama sote. Tulipomaliza nilimletea uji na kumuuliza kilichomleta.

"Kuna mtu hunifuata nikitoka library," alisema. "Hanifanyi kitu. Anapumua tu. Anapumua kama..."

"Kunywa uji," nilimwambia. Sikutaka amalize. Gakii, aliyekuwa akikunja turubai, alikuwa amesimama tuli.

Kuanzia siku iliyofuata wasichana wa darasa tulirudi pamoja kila jioni, tukimpitia Makena maktaba. Hatukupanga kukamata mtu. Tulitaka tu kufika nyumbani. Ilikuwa karibu na mitihani, mahindi yameshavunwa na mabua yamebaki yakikwaruzana, tulipomsikia. Gakii alikuwa wa mwisho kwenye mstari, alinigusa bega. Tulisimama, tukageuka wote pamoja. Gakii aliwasha tochi yake, lakini betri zilikuwa zimekwisha na mwanga haukufika popote. Tuliona giza zito kidogo kuliko giza lingine, kimo cha mtu. Hakukimbia. Katika kimya kile tulimsikia akivuta pumzi na kuitoa, na mluzi wake mwishoni.

"Wewe ni nani?" Gakii alisema.

Ndipo Makena, na sauti yake ile nyembamba, akasema, "Tunakusikia."

Pumzi ilikatika. Ikabaki sauti ya mabua tu. Kisha hatua zikaanza kurudi zilikotoka, za pole, za mtu anayekwenda zake, na tukasimama tumeshikana makoti mpaka zikaisha. Asubuhi tulienda kwa walinzi wa lango la chuo. Walitusikiliza kwa heshima. Walituuliza tunamshuku nani, tukaangaliana, tukasema hatujui. Mlinzi mkubwa alikuna kidevu. "Sasa wasichana, mnataka tukashike pumzi?" Hakuwa akidhihaki. Aliuliza tu.

Baada ya hapo hatukusikia tena lolote, wala mimi wala Makena. Nilimaliza masomo, nikapata kazi Embu, nikaolewa, na miaka ikapita kama inavyopita. Nilidhani shaka huchakaa mtu akizeeka. Kumbe hukaa tu, kama mgeni aliyezoea kiti chake. Niliwahi kumwota Kirimi akiniomba msamaha, na mara nyingine nikamwota hana hatia, mimi ndiye ninayemfuata njiani nikipumua.

Wiki chache baada ya mazishi, Jumamosi asubuhi, msichana aligonga lango langu hapa Majimbo. Alikuwa amevaa raba nyeupe, nywele amezisuka vizuri, na alinisalimia kwa adabu. "Auntie, mimi ni Kanana, wa Kirimi wa Nchiru. Nasoma hapa chuo cha Embu. Dad alisema mlikuwa judo pamoja, eti unaweza kunishauri." Nilimkaribisha. Nilimpa chai na nduma, magimbi ya kuchemsha, mikono yangu ikifanya kazi yenyewe. Alisema kuna madarasa mawili matatu mjini, kila moja linajisifu, na hajui achague lipi. "Wasichana siku hizi wanauawa ovyo, Auntie, mtu anaogopa hata kupanda boda," aliongeza. Nilimwambia asilipe popote kabla hajaketi na kuangalia. Nilimwambia ningeenda naye.

"Dad alikuwa mzuri?" aliuliza, akitabasamu, mdomo umejaa nduma.

Nilimtazama. Alikuwa na macho mazuri, yasiyo na wasiwasi, na sikuwa na haki ya kuyaharibu kwa jambo nisilolijua. "Hakumaliza mwaka," nilisema.

"Aliniambia kazi ilimbana."

"Muulize kwa nini Mwalimu alimwambia akunje koti." Hilo tu. Lilikuwa limetokea mbele ya watu wote, na lilikuwa kweli.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, mapema. Hakutaka chai. Tulishuka pamoja kuelekea mjini, kwenye ukumbi mmoja nyuma ya maduka ambako wanafundisha judo. Alitembea ubavuni mwangu, hatua kwa hatua, hakubaki nyuma hata kidogo. Tulipofika mlangoni tulisikia viganja vikipiga chini ndani. Alisimama.

"Nilimuuliza, Auntie," alisema. "Nilimuuliza kuhusu koti tu. Vile tu uliniambia."

"Akasema nini?"

"Alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo." Alikuwa akiangalia mlango, si mimi. "Akaniambia hajawahi kumfuata msichana yeyote njiani."

Sikuwa nimemtajia Kanana njia yoyote. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, nikaona anajua, alikuwa amelijua wiki nzima na alikuwa amelibeba mpaka hapa peke yake. Ndani mtu aligonga, na mwenzake akaachia. Nilimshika koti lake karibu na kiwiko, naye akalishika langu, tukaingia tukaketi kwenye benchi kuangalia.